Mama Kandida wa Kibaoni

Mchombe,
12 Machi 2023

Mpendwa Mama Kandida,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Hunijui. Naitwa Levina, mkulima wa mpunga hapa Mchombe. Katekista wetu, mzee Eustaki, ndiye anayeniletea Posho ya Njiani kila mwezi, maana anajua kanisani sifiki. Mama yangu alipata kiharusi, huu mwaka wa tatu. Upande wote wa kulia umelala na maneno yake yanahesabika. Tunaishi wawili tu. Jirani yangu Mama Teddy hukaa naye nikienda shamba, lakini Jumapili ana kwaya, na siwezi kumwambia aache kuimba kwa ajili yangu. Kwa hiyo tangu mama aanguke sijahudhuria misa. Hicho kijarida chenu ndicho kanisa langu. Naanza na Injili ya mwezi, nasoma mpaka tangazo la semina ya vijana ambayo hainihusu, kisha narudi kwako, "Kitandani kwa Mama", nakusoma tena kwa sauti ili na yeye asikie.

Mwezi uliopita uliandika kwamba mgonjwa hageuzwi kama gunia la mpunga, anaombwa ruhusa hata kama hawezi kujibu. Nililia. Hata mimi niliwahi kusema maneno hayohayo. Nikajiambia, kumbe Mungu ana wengine kama mimi, na huyu mmoja amejaliwa kuandika.

Sasa nina jambo la aibu. Wiki mbili zilizopita mama alitema uji wote kwenye shuka niliyotoka kuifua. Nikamfinya mkono. Si ule uliokufa ganzi, nilimfinya huu mzima unaosikia maumivu, na nilifanya makusudi. Alinitazama tu. Padre akija kijijini mimi niko ndani na mgonjwa, sijapata wa kumwungamia. Nakuuliza wewe kwa sababu umepita njia hii. Je, uliwahi kumfanyia mama yako vibaya?

La pili ni kaka yangu. Anaitwa Sylvanus, ndiye kifungua mimba wetu, ana duka la steshenari huko Kibaoni. Wiki ile mama alipoanguka alifunga safari kuja, gari likaharibikia njiani, kijiji cha Mbingu, akarudi. Tangu hapo hajatia mguu. Hutuma sabuni na sukari kwa gari la Mlimba, hilo silifichi. Zamani nikimpigia tulikuwa tunaongea sana, namweleza kila kitu. Siku hizi simu inaita mpaka inachoka. Je, niendelee kumsumbua, au ninatenda dhambi kwa kumlazimisha mtu?

Nisamehe kwa barua ndefu. Jina langu usilitoe.

Wako katika Kristo,
Levina

---

Kibaoni, Ifakara,
21 Machi 2023

Sista Dorotea,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukurasa wa Aprili nimeupanga na faili nimekutumia. Picha ya kipaimara imetoka nyeusi, nitumie nyingine.

Kati ya barua za wasomaji ulizonipa imo moja ya mtu wa Mchombe, imeandikwa kwa Mama Kandida. Naomba umjibu wewe. Mwambie tu kwamba Mama Kandida anamwombea. Mimi sitaweza.

Sylvanus

---

Ifakara,
23 Machi 2023

Mwalimu wangu wa kompyuta,

Milele na milele, amina. Picha nyingine haipo, kipaimara hakirudiwi.

Barua sijaisoma, ilikuja imefungwa nami nikakupa imefungwa. Nitamjibuje mtu ambaye sijui ameuliza nini? Tukubaliane kama tulivyokubaliana mwanzo. Uliponiletea ule ukurasa wa kwanza nilikuambia kwamba wasomaji wetu hawatamvumilia mwanamume anayesimulia anavyomwogesha mama yake mzazi. Wangesema umekosa adabu, na nusu yao wangeanza kuniuliza mimi maswali. Ndiyo maana tukampa jina la mwanamke. Lakini kazi nilijua ni yako. Kila Ijumaa nikipita nakuta duka umefunga mapema, nasema, yule amekwenda kwa mama yake.

Basi aliyemfariji huyo mtu wa Mchombe ni wewe. Mjibu. Mtu akikuomba maji huwezi kumwelekeza kwenye kisima cha jirani.

Sr. Dorotea

---

Posho ya Njiani,
Ifakara, 2 Aprili 2023

Mpendwa Levina,

Milele na milele. Marahaba.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Naichapa kwa kompyuta kwa sababu mwandiko wangu ni mbaya.

Umeniuliza kama niliwahi kumfanyia mama yangu vibaya. Niliwahi, tena kuliko kufinya. Siku moja nilimwona akiwa katika hali ya kuhitaji mtu, nami nikamwacha hivyohivyo nikaenda zangu. Wewe ulifinya mkono kisha ukabaki hapo, ukafua shuka upya, ukampikia uji mwingine. Mungu anaona vyote viwili, mkono uliofinya na mkono uliofua. Muombe mama msamaha kwa sauti. Hata kama hatajibu, atakuwa amesikia. Usibebe hilo jambo tena.

Kuhusu kaka yako, nakushauri umwache. Usimpigie. Mtu mzima anajua njia ya kwao, na asipokuja ana lake moyoni ambalo wewe hutaliondoa kwa simu. Unapoteza nguvu ambazo mama anazihitaji. Mwachie Mungu.

Nakuombea kila siku.

Mama Kandida

---

Mchombe,
16 Aprili 2023

Kaka Sylvanus,

Shikamoo. Barua hii anakuletea kondakta wa gari la asubuhi, nimemwambia akukabidhi mkononi.

Sikuandikii kukulaumu. Nimekuandikia kukuaga, siyo kwa ubaya. Nimepata mama mmoja wa kiroho, anaandika kwenye kijarida cha kanisa, amenishauri nisikusumbue tena. Ameniambia una lako moyoni. Mimi sikuwahi kufikiri hivyo. Nilikuwa nafikiri unatudharau tu. Alivyosema vile nikakuonea huruma, nikaona miaka mitatu nimekupigia kelele mtu mwenye mzigo. Nisamehe.

Habari za hapa, mvua imeangusha ukuta wa jikoni, napikia chini ya paa la Mama Teddy. Mpunga umesimama vizuri. Mama anaongeza maneno, juzi alisema "chumvi" na "ondoa". Nilimwomba msamaha kwa jambo fulani, akanishika sikio kama alivyokuwa akitushika tukiwa wadogo. Sijalala vizuri namna ile siku nyingi.

Sitapiga tena. Sabuni ikipatikana tuma, isipopatikana tutatumia majivu.

Mdogo wako,
Levina

---

Mchombe,
25 Juni 2023

Kwa Mama Kandida,

Safari hii sikuamkii, utanisamehe. Soma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Alhamisi ilikuwa zamu yetu ya jumuiya. Kwetu jumuiya ya Mtakatifu Monika huzunguka nyumba kwa nyumba, na nyumba inayopokea ndiyo huchagua somo la kutafakari. Nikachagua ukurasa wako wa Juni. Watu walikaa mkekani, mama nimemweka kwenye kiti kwa mito, Mama Teddy akasoma kwa sauti yake ya kwaya. Akafika pale uliposimulia kwamba mama yako alikuwa akibandua ukoko wa wali, akiuficha chini ya ungo juu ya mtungi, ili mmoja tu wa watoto wake aupate akitoka shule.

Mama akacheka. Watu wote waligeuka, maana miaka mitatu hakuna aliyemsikia akicheka. Akanyoosha mkono wake mzima kwenye kile kijarida akasema, "Sylvanus."

Wakasema mgonjwa anaota. Mzee Eustaki akasema tumwombee kijana wake aliye mbali. Nikajibu amina pamoja na wenzangu.

Lakini tangu siku hiyo naamia ndege shambani wasile mpunga na akili haitulii. Mimi habari ya ukoko sikuijua. Nimelelewa katika nyumba hiyohiyo na sikuwahi kuonja hicho kilichokuwa chini ya ungo. Jana nikatoa vijarida vyote kwenye sanduku, nikavisoma vyako peke yake kuanzia wa kwanza. Gunia la mpunga. Kumpozea uji kwa kuuhamisha vikombe viwili. Kumwimbia nyimbo za Kwaresima hata wakati wa Krismasi kwa sababu ndizo anazozikumbuka. Kumwambia jina la siku kila asubuhi. Mambo haya yote ni yangu. Nilikuwa nayaona humo nikidhani ni Mungu ananijibu kwa maneno yangu mwenyewe. Nilimwambia mtu mmoja tu duniani, na nilimwambia kwa simu.

Nakuuliza wewe ni nani. Usichape. Andika kwa mkono, hata kama mwandiko wako ni mbaya.

Levina

---

Kibaoni,
9 Julai 2023

Levina mdogo wangu,

Ni mimi. Mwandiko unaujua.

Nimeanza barua hii mara tano, na mara zote nilianza na sababu. Safari hii naanza na jambo lenyewe.

Gari halikuharibikia Mbingu. Nilifika. Ilikuwa saa saba mchana, wewe ulikuwa shamba, mlango umerudishiwa tu. Niliita jina lako, kimya, nikaingia. Mama alikuwa nusu kitandani nusu chini. Alikuwa amejisaidia, na nguo imemtoka yote, anaivuta kwa ule mkono mmoja na haiji. Akaniona. Tulitazamana, Levina. Hakuweza kusema, lakini alijua ni mimi na mimi nilijua anajua. Nikarudi kinyumenyume, nikauvuta mlango, nikatembea mpaka barabarani, nikapanda gari la kwanza lililopita.

Kwenye gari nilijiambia kwamba nimefanya adabu. Kwetu mtoto wa kiume haoni utupu wa mama yake, kila mtu anajua, hata padre angekubali. Nimejifunika na mila hiyo miaka mitatu. Lakini adabu ingekuwa kumtupia shuka na kwenda kumwita mwanamke yeyote wa jirani. Mimi sikumwita mtu. Sijui alikaa hivyo mpaka saa ngapi. Sikuwahi kukuuliza, naogopa kujua.

Ulipokuwa unanipigia na kunisimulia unavyomtunza, nilikuwa naandika nyuma ya karatasi za fotokopi zilizoharibika. Nilitaka nisisahau hata neno. Nadhani nilitaka niwe nimekuwepo. Kisha Sista Dorotea akapungukiwa ukurasa, nikampa. Watu wakaandika kushukuru, kutoka Mlimba, kutoka Mahenge, wanawake wanaolea wagonjwa kama wewe. Wananiita mama. Sista alidhani Ijumaa nakuja huko, kumbe nafunga mlango nakaa mle ndani naandika. Kadiri walivyozidi kushukuru ndivyo nilivyozidi kushindwa kupokea simu yako, kwa sababu sauti yako ndiyo iliyokuwa na haki ya shukrani zile.

Hayo ni mabaya, na kuna baya zaidi. Uliniuliza kama Mama Kandida kuhusu kaka yako, na nikakujibu umwache. Nilitumia imani yako kujiondolea usumbufu. Kisha ukaniandikia kuniomba msamaha. Nilisoma barua hiyo nimesimama kaunta, mteja anasubiri kitambulisho chake kitolewe kopi, nikamwambia mashine imekufa, nikafunga duka.

Siombi chochote. Kama hutaki tena sabuni yangu niambie, nitaelewa.

Sylvanus

---

Mchombe,
20 Julai 2023

Kaka,

Barua nimeisoma peke yangu mara moja, kisha nikamsomea mama yote. Sikuruka mahali. Nilipofika kwenye lile la mlangoni aligeuza uso ukutani. Kumbe alijua siku zote, na hakuwa na ulimi wa kuniambia, na mimi nilikuwa namwambia, "Mama, Sylvanus alijaribu, gari ndilo lilimwangusha." Nimemwambia hivyo mara ngapi mimi. Umenifanya nimdanganye mgonjwa.

Nilimkuta saa kumi na moja. Ulitaka usijue, sasa umejua.

Maneno yangu uliyoyachukua nitayameza. Hayakuwa mali, na kama mwanamke wa Mahenge amepata nguvu kwayo, sawa. Ila ule ushauri bado unanikaba. Nilikushukuru mpaka kwenye sala ya jioni.

Mama ameniambia neno moja tu baada ya barua, "Aje." Nilimuuliza mara mbili nipate hakika.

Kwa hiyo njoo. Sikuombi umwogeshe. Hilo ni langu, na mila iko upande wako. Naomba Jumapili moja. Nitamwandaa mapema asubuhi, wewe ukae naye tu, umwambie jina la siku, umpe maji, mimi niende misa. Saa tatu za mtu mzima kukaa kwenye kiti. Usipoziweza hizo sitakuandikia tena, na safari hii sitakuwa nimeshauriwa na mtu.

Levina

---

Kibaoni,
14 Agosti 2023

Sista Dorotea,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii imebeba barua tatu nyingine ndani, mbili za mdogo wangu Levina na nakala ya ile niliyomwandikia mimi. Zisome kwanza, ndipo urudi hapa.

Sasa unajua ulikuwa unachapa nini.

Jana nilikwenda. Levina alikuwa ameshavaa gauni la kanisani, bado lina mikunjo ya sanduku, anatembea humo ndani kama mtu anayeogopa kulichafua. Alinionyesha maji, uji, kitambaa cha mdomo. Hakunisalimia vizuri na sikutegemea. Mama alinitazama kidogo, kisha akatazama juu kwenye bati. Levina akaondoka anakimbia, kengele ya pili ilikuwa imeshalia.

Nilimwambia mama leo ni Jumapili. Nilimpa maji. Nikataka kusema lile nililokwenda kulisema, nikaanza kusema habari za bei ya wino wa printa. Saa nzima ikapita hivyo.

Kisha akajisaidia. Nilijua kwa harufu na kwa jinsi alivyouma mdomo. Sista, nilifanya nini? Nilitoka mbio kwa Mama Teddy. Kumefungwa, wako kwaya. Nyumba ya pili pia wako kanisani. Kijiji kizima kilikuwa kinasali, nami natafuta mwanamke mmoja asiyesali. Nikarudi, nikachota maji ya moto kwenye ndoo, nikaleta sabuni, kitambaa, nikapanga vyote karibu na kitanda kwa utaratibu uleule ninaoueleza kwenye ukurasa wangu, kwanza uso, kisha mikono, kisha geuza. Najua kila hatua. Nimewafundisha watu miaka miwili. Nikamtupia shuka juu, nikakaa kizingitini na ndoo mpaka maji yakapoa.

Levina alirudi anaimba. Alinikuta pale. Alipandisha mikono ya lile gauni la kanisani akaingia.

Angalau safari hii nilimfunika. Hayo ndiyo maendeleo yangu ya miaka mitatu.

Mfute Mama Kandida. Waandikie wasomaji kwamba amefariki, au amehama, lolote upendalo. Kijarida nitaendelea kukipanga mpaka upate mtu mwingine.

Sylvanus

---

Ifakara,
18 Agosti 2023

Sylvanus,

Nimesoma zote. Nilikaa kanisani kidogo kabla ya kukujibu, kwa sababu jibu la kwanza lilikuwa kali na lilikuwa linanisafisha mimi.

Na mimi nina aibu yangu. Nilijua msomaji anadanganywa jina, nikasema ni kidogo. Uongo ukiupa jina tu la kuanzia, wenyewe unajitafutia nyumba na watoto. Nimemwandikia Levina kumwomba radhi, na nimemuuliza kama bado anataka tumletee kijarida.

Mama Kandida hafi. Kumuua ni kuwadanganya mara ya pili, na hao wanawake wangetoa sadaka ya misa ya kumwombea mtu asiyekuwepo. Toleo la Oktoba ukurasa wako utasema ukweli, kwa jina lako, bila kupamba. Kama watatukimbia, watukimbie.

Umeniuliza ulifanya nini. Ulikaa kizingitini. Safari ile ulipanda gari. Mimi siwezi kukupa kitubio, lakini naweza kukuambia duka ulifunge Jumapili ijayo, na nyingine, na nyingine.

Sr. Dorotea

---

Mchombe,
28 Agosti 2023

Mpendwa Sista Dorotea,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa mzee Eustaki. Nina mawili ya kukuambia, na la pili usilichape. Ni lako tu.

La kwanza, umeniuliza kama bado nataka Posho ya Njiani. Leteni. Nimelifikiria sana hili. Nilipojua aliyeandika ni nani, nilitaka kuvitia vyote jikoni. Nikavishika, na nikakumbuka asubuhi fulani za mwezi wa pili ambazo nisingeinuka kitandani bila ukurasa ule. Niliinuka kweli. Siwezi kusema leo kwamba sikuinuka kwa kuwa sasa nimemjua mwandishi. Aibu yake ni yake na Mungu atamshughulikia, ila nguvu ile niliyopata siwezi kuikana.

La pili ni la jana. Kaka hatakuandikia, namjua.

Alikuja tena Jumamosi, hakuambiwa. Safari hii alileta bati na misumari, akasimamisha ule ukuta wa jikoni ulioangushwa na mvua. Jumapili nikaenda misa. Lakini akili yangu haikuwa misani, nilikuwa namwona yeye na ile ndoo. Padre alipomaliza komunyo nikatoka kabla ya matangazo.

Nilipofika uwanjani nikasikia sauti ya mama. Nilisimama. Alikuwa anasema, "Fumba." Kisha, "Fumba macho."

Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Kaka alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kitenge changu amejifunga usoni mara mbili, kitambaa cha kuogeshea mkononi, anapapasa. Na mama alikuwa amemkamata kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima, anampeleka. "Hapa." "Shuka." "Polepole." Maneno manne, matano, sita. Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja tangu augue. Kaka analia chini ya kile kitenge, na mama anamkemea, "Maji. Maji yanapoa."

Sista, niliwahi kumfinya mama kwa hasira nikaificha, kisha nikaikiri, sasa naikiri na hii. Sikufurahi. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango, nilitaka kuingia nimpokonye kile kitambaa. Alikuwa anakikamua vibaya, maji yanaingia godoroni. Nikasema moyoni, hata hili analichukua. Ndipo nikaona aibu. Miaka yote hii nimelia kwamba niko peke yangu, kumbe ndani yangu kuna mtu aliyekuwa anapenda kuwa peke yake, awe ndiye pekee anayeweza, ili mama asiwe na mwingine na Mungu asiwe na mwingine wa kumsifu katika nyumba ile. Sikujua kama yumo. Kwenye vijarida vyako hayumo, kwa sababu kaka hakumjua na mimi sikumtaja kwenye simu.

Nikauachia mlango. Nikaenda kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na gauni langu la kanisani. Mama Teddy alipita anatoka kwaya, akaniuliza mbona nimekaa nje kama mgeni. Nikamwambia naota jua.

Nilikaa mpaka nikasikia maji machafu yanamwagwa nyuma ya nyumba. Nikasubiri kidogo tena, apate nafasi ya kufungua kitenge na kufuta uso. Kisha nikaenda mlangoni, nikapiga hodi nyumbani kwangu mwenyewe.

Aliyeitikia karibu ni mama.

Mwanao katika Kristo,
Levina